Land Cruiser HZJ75 (1HZ) kuvuta tela la karibu tani 3: nguvu iongezwe wapi?

MzigoMzito

Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Land Cruiser HZJ75 pikapu ya 1996, injini 1HZ isiyo na turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia boksi H55F ya gia tano, difu ya uwiano 4.11, matairi 7.50R16. Tela ni la ekseli mbili, uzito wake pamoja na mzigo ni kilo 2,800. Gari lenyewe likiwa na watu na vifaa ni kama kilo 2,900. Njia ni Morogoro–Iringa, mzigo ni mbolea.

Tambarare linakwenda. Kwenye mlima wa Kitonga gia ya tatu inakufa kabisa, ya pili inapanda lakini mshale wa joto unapanda nao. Fundi mmoja amefungua skrubu ya dizeli kwenye pampu. Sasa linatoa moshi mweusi mzito na sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) imepanda, ila nguvu iliyoongezeka ni ndogo. Fundi mwingine anataka kufunga turbo ya mtumba. Kitangulie nini?

Nozeli_Sita

Kwanza rudisha hiyo skrubu, leo. Kwenye pampu ya aina ya VE, skrubu ya mafuta ukiiingiza inapandisha na sailensa, ndiyo maana umeona mabadiliko. Moshi mweusi maana yake ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzia. 1HZ haina turbo, hewa inayoingia ni ile ile, hivyo dizeli ya ziada inageuka masizi na joto. Joto hilo linapiga pistoni na hedi, na mshale wako unakuambia hivyo hivyo. Irudishe kidogo kidogo, robo ya mzunguko kila mara, hadi moshi ubaki ukungu mwembamba ukikanyaga mafuta hadi chini kilimani. Kisha kaza nati ya kufungia na upange sailensa upya.

Baada ya hapo hakikisha injini inatoa nguvu iliyozaliwa nayo. Injini ya miaka hii inaweza kuwa imepoteza farasi wengi bila mtu kujua. Mpangilio wangu ni huu:

Mtu akanyage pedali hadi sakafuni injini ikiwa imezimwa, wewe tazama mkono wa pampu. Mkono huo usipogusa kizuizi chake cha mwisho, waya umelegea na hujawahi kutumia injini yote. Ni kazi ya spana mbili na dakika kumi.

Badilisha filta ya dizeli na ya hewa. Weka kipande cha hozi inayoonyesha ndani kabla ya pampu, washa, tazama mapovu. Mapovu ni hewa inayonyonywa kwenye viungo au kwenye pampu ya mkono juu ya filta. Angalia pia chujio la ndani ya tanki. Tanki lenye kutu huliziba, na gari linakosa nguvu kilimani tu, kwa sababu hapo ndipo linahitaji dizeli nyingi mfululizo.

Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) silinda zote sita, betri ikiwa nzima. Nzima huwa karibu baa 35 (baa ni kipimo cha shinikizo), na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Kama silinda moja iko chini sana, acha mambo ya kuongeza nguvu, fungua hedi.

Valvu: ya kuingiza 0.15 hadi 0.25 mm, ya kutolea moshi 0.35 hadi 0.45 mm, injini ikiwa baridi. Hizi hubana kadiri zinavyochakaa na watu hawazipimi kwa sababu hazipigi kelele. Valvu iliyobana haifungi vizuri, kompresheni inavuja na kiti chake kinaungua.

Nozeli zipelekwe kwenye mashine. Mpya hufunguka karibu baa 150. Inayodondosha badala ya kupuliza ukungu inatoboa pistoni ukiwa na mzigo, kwa hiyo usisubiri injini ianze kumisi (kuruka silinda). Ukizirudisha, weka washa (pete bapa) mpya za shaba chini yake. Mwisho taimingi ya pampu, kwa dayal geji (kipimo cha mshale), siyo kwa sikio. Ikichelewa gari ni zito na moshi mweupe asubuhi. Ikiwahi linagonga na hedi inaumia. Na kama hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, badilisha wakati huo huo.

Gia_ya_Pili

Naunga mkono hapo juu, ila tupige hesabu kabla hujatoa hela ya turbo.

Jumla una kilo 5,700. Chukua kilima cha asilimia 7, yaani kila mita 100 unapanda mita 7. Uzito peke yake unakurudisha nyuma kwa newtoni 3,900. Matairi yanakula 800, upepo kama 200 kwa mwendo huo mdogo. Magurudumu yanatakiwa kusukuma newtoni 4,900, chini ya hapo unasimama.

1HZ nzima inatoa Nm 280 (nguvu ya kuzungusha) kwenye mizunguko 2,200. Gia ya tatu ya H55F ni 1.516, mara 4.11 ni 6.23. Toa asilimia 13 zinazopotelea kwenye gia boksi, difu na beringi, gawanya kwa mita 0.39 za nusu-kipenyo cha tairi: newtoni 3,900. Gia ya pili ni 2.618, inatoa 6,700. Hiyo ni usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu ya kumi kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo kwenye mita 1,400 ya tatu inabaki na 3,400 na ya pili 5,800.

Kwa hiyo gia ya tatu kufa kwenye kilima kama hicho si ugonjwa. Hata injini iliyotoka kiwandani jana ingekufa. Panda na ya pili kwenye mizunguko 2,800 hadi 3,000. Utakuwa kwenye kilomita 38 hadi 41 kwa saa. Ingiza gia kabla ya kilima, usingoje injini izame hadi 1,500 ndipo ushushe. Injini ikizama, pampu ya maji na feni nazo zinazunguka polepole, na huo ndio mlango wa kuchemsha.

Difu za 4.88 zinaongeza msukumo asilimia 19 kwenye kila gia bila kuongeza joto hata kidogo ndani ya silinda. Ya tatu inakuwa 4,600 usawa wa bahari, bado haitoshi Kitonga, lakini vilima vya kawaida utavipanda na ya tatu badala ya ya pili, na klachi itapumua wakati wa kuondoka. Gia yako ya tano itakuwa karibu sawa kabisa na ya nne ya leo (0.845 mara 4.88 ni 4.12). Badilisha mbele na nyuma kwa pamoja, namba zile zile. Ukibadilisha moja, siku utakayoingiza fowili (magurudumu yote manne yavute) kwenye lami utavunja kitu. Krauni na pinioni (gia za ndani ya difu) zipangwe na mtu mwenye dayal geji na rangi ya kuonyesha alama za meno. Difu iliyopangwa kwa kukisia inalia ndani ya wiki.

Na usiweke matairi makubwa. 285/75R16 ni kubwa kuliko 7.50R16 kwa asilimia 3.6 hivi, yaani unajinyang'anya mwenyewe.

BaaNusu

Mkuu Gia_ya_Pili hesabu zako ni sawa, ila hakuna kingine kitakachompa ya tatu Kitonga zaidi ya turbo. Tumia njia yako mwenyewe: 1HZ yenye turbo ya baa 0.5 ikifika Nm 370, ya tatu inatoa newtoni 5,100 kwenye kilomita 52 kwa saa. Na turbo inafidia sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko unanyang'anya.

Tatizo ni kwamba 1HZ haikuundwa kwa turbo. Mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1, dizeli inaunguzwa kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, na pistoni hazina vipulizia mafuta vya kuzipoza kwa chini kama 1HD-T, ndugu yake yenye turbo ya kiwandani. Ukizidisha, hedi inapasuka kati ya viti vya valvu na hicho chumba, au pistoni inachanika juu. Kwa hiyo masharti:

Upepo wa turbo usizidi baa 0.5 bila intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo). Ukiwa na intakula ya mbele unaweza kufika 0.7, lakini kwa mzigo wako mimi ningebaki 0.5 na intakula juu yake, nipate hewa ya baridi.

Geji ya joto la moshi ni lazima, kihisio kikiwa kwenye manifoldi kabla ya turbo. Kilima kirefu kaa chini ya nyuzi 600, 650 kwa muda mfupi, 700 ondoa mguu. Geji ya joto la maji haikuokoi. Pistoni huyeyuka maji yakiwa yamepoa. Dizeli iongezwe kwa kuifuata geji hii, siyo kwa kuangalia moshi peke yake.

Bomba la moshi inchi 3 kutoka kwenye turbo hadi mwisho. Bomba la kurudisha oili literemke moja kwa moja na liingie juu ya usawa wa oili kwenye karta (beseni la oili chini ya injini). Likipinda, oili inajaa kwenye turbo na kuvuja kwenye egzosi. Oili kila kilomita 5,000. Ukipanda kilima usizime papo hapo, iache iungurume dakika mbili tatu.

Turbo ya mtumba: shika shafti. Ikicheza kidogo pembeni ni kawaida, ikisogea mbele na nyuma kwa kuhisika, iache dukani. Na ile ya injini ya lita 2 haifai, inazibana lita 4.2 kwenye mizunguko ya juu na joto linapaa.

Klachi nayo ijaribu kabla: gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda mwendo ukibaki pale pale, inateleza, na turbo itaimaliza.

MzigoMzito

Nashukuru sana wakuu. Skrubu inarudishwa kesho. Maswali mawili: fundi anasema ataweka gasketi mbili za hedi ili mgandamizo ushuke kabla ya turbo, ni sawa? Na vipi kuweka 1HD-T nzima?

Nozeli_Sita

Gasketi mbili hapana. Gasketi ya 1HZ ina unene wa aina kadhaa, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Ukirundika mbili, zinateleza baina yao, na kwenye upepo wa turbo zitapuliza moshi ndani ya maji.

1HD-T ni lita 4.2 zile zile, inaingia bila kukata chesis, na ina turbo ya kiwandani, pistoni zinazopozwa na Nm zaidi ya 360. Kwa kazi ya kila wiki ni njia safi kuliko kufunga turbo kwenye 1HZ iliyochoka. Ila za mwanzo zinajulikana kwa kula beringi za konrodi. Kabla haijaingia kwenye gari, fungua karta, weka beringi mpya zote kumi na mbili, ni kazi ya nusu siku injini ikiwa chini.

Gia_ya_Pili

Kabla ya yote hayo: rejeta itolewe ikasafishwe kwa ndani, na kiungo cha feni kijaribiwe. Injini ikiwa ya moto, izime, zungusha feni kwa mkono; ikizunguka kirahisi, mafuta ya silikoni ndani yameisha, yaongezwe au kibadilishwe. Kuchemsha kwako kunaweza kuishia hapo.

Na hujataja breki za tela. Kilo 2,800 bila breki zake kuteremka Kitonga ni pikapu kusukumwa na tela. Weka breki ya kusukuma kwenye kiungo cha tela, magurudumu yote manne yashike, na panga mbolea ili kilo 250 hadi 300 zikae kwenye ndoano. Ukiweka mzigo nyuma ya ekseli, tela linaanza kuyumba kwenye kilomita 70 na hakuna turbo itakayolinyoosha. Kuteremka tumia gia ile ile uliyopandia.