Waya au plastiki za kuvua? Na mtoto je?

mamaWawili: Wadau habari zenu. Nina kesi mbili nyumbani. Mimi nina miaka 34, meno ya chini mbele yamebanana mpaka uzi haupiti. Binti yangu ana miaka 9, taya la juu jembamba, akifunga mdomo magego ya juu upande wa kulia yanaangukia ndani ya yale ya chini na kidevu kinakwenda pembeni. Dokta katutajia waya wa kunyoosha meno, aligna (ndio hizo plastiki za kuvua), na mtoto ekspanda, kifaa cha kutanua taya la juu. Aliyepitia aseme.

jino_moja: Mi waya, miezi 22. Uzuri wake hauhitaji uamuzi wako, upo tu mdomoni unafanya kazi hata ukilala. Ubaya ni usafi. Nilikuwa mvivu wa mswaki, siku ya kutolewa najiangalia kwenye kioo nakuta kila jino lina fremu nyeupe kuzunguka pale braketi, kile kidude kinachoshika waya, ilipogandishwa. Madoa yapo hadi leo. Halafu nunua nta ya kubandika juu ya waya, shavu la ndani litakushukuru.

Tabasamu88: Aligna hapa. Unavua kula na kupiga mswaki, ila saa 20 hadi 22 kwa siku lazima ziwe mdomoni, sio utani, nilizembea siku nne tu kwenye safari, pea iliyofuata ikagoma kuingia nikarudishwa nyuma. Na hiyo "hazionekani" msiidake sana, wanakugandishia vidoti vya rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika. Kwa kubanana kidogo ziko poa, ila jino la mviringo lililojizungusha, mfano chonge, linazisumbua.

mzee_wa_ritena: Mnabishana chuma na plastiki wakati swali la kwanza ni shida ipo kwenye meno au kwenye taya? Daktari wa meno Mmarekani Edward Angle alipanga aina za uumaji mwaka 1899 kwa kutazama gego la kwanza la juu linakaaje juu ya lile la chini, na madokta bado wanatumia mpangilio wake. Kama mfupa wenyewe ndio umepishana sana, kwa mtu mzima waya utaficha tu, dawa ni upasuaji pamoja na waya. Mtoto ana bahati, mshono wa katikati ya kaakaa, pale mifupa miwili inapokutana, bado haujafunga, ekspanda ina skrubu mnazungusha kwa ufunguo, kila mkizungusha mara moja (robo mzunguko) inafunguka kama robo milimita. Usisubiri awe mkubwa. Na msishtuke mwanya ukitokea mbele.

mamaWawili: Mwanya tena?? Si tunaenda kurekebisha?

mzee_wa_ritena: Ndio dalili mfupa unafunguka mama. Mara nyingi meno yanasogeleana yenyewe baadaye. Kifaa kinabaki miezi kadhaa bila kuzungushwa, mfupa mpya ujaze nafasi.

kijana_mpya: Mi nimeona mtu kwenye video anafunga raba ya kawaida kwenye meno mawili ya mbele, mwanya umefungwa ndani ya wiki

mzee_wa_ritena: USIJARIBU. Raba inapanda chini ya fizi inafuata mzizi, huioni tena, inakula mfupa unaoshikilia jino. Watu wamepoteza meno mazima kabisa.

jino_moja: Na hakuna anayetaja ritena, kile kifaa cha kuvaa baada ya matibabu ili meno yasirudi yalikotoka. Mi nilichoka kuvaa usiku baada ya mwaka, jino moja la chini limejigeuza taratibuu, sasa ritena yenyewe haiingii.

mamaWawili: Asanteni sana. Eksirei imetoka, mimi ni meno tu, taya liko sawa, mtoto anaanza ekspanda wiki ijayo. Mimi nachukua waya. Najijua, mtu anayetafuta miwani ikiwa kichwani hawezi kupewa plastiki ya kuvua mara tatu kwa siku.