Mchomo wa kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho: je, athroskopi ni ya lazima?

MshonajiTanga: Wanajamvi, salamu. Miezi 5 iliyopita niliteleza bafuni nikajikinga kwa kiganja cha kulia. Eksirei haikuonyesha ufa, nikapewa dawa za maumivu, lakini hadi leo nikisonga ugali au nikizungusha ufunguo nasikia mchomo, na kifundo hulia "ko". Sasa nimeshauriwa kufanyiwa athroskopi, yaani kuchunguzwa ndani ya kiungo kwa kamera ndogo. Hakuna kipimo kingine?

MifupaNaViungo: Pole sana, dada. Maelezo yako yanafanana na jeraha la gegedu la pembetatu, yaani ule mto ulio kati ya ncha ya ulna (mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho) na vifupa vya kifundo. Gegedu halionekani kwenye eksirei, ingawa picha hiyo huonyesha kama ulna ni ndefu kupita kiasi na inaukandamiza mto huo. MRI, yaani picha ya sumaku, husaidia, ila machaniko madogo huiponyoka, na kwa watu wa makamo huweza kuonyesha tundu lisilosababisha maumivu yoyote. Ndiyo maana madaktari huiamini zaidi athroskopi: mkono huning'inizwa kwa vidole, kamera nyembamba ya milimita 2 hivi huingizwa mgongoni mwa kifundo, kisha gegedu hubonyezwa kwa kijiti chenye ndoano. Likiwa zima hudunda kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Likiwa limechanika hubonyea tu.

Tiba hufanyika papo hapo. Ukingo wa gegedu una mishipa ya damu, kwa hiyo ukishonwa huweza kuunga. Katikati hakuna damu, kwa hiyo daktari hupunguza tu nyuzi zilizochakaa. Ulna ikiwa ndefu, huenda ikabidi ifupishwe, la sivyo maumivu hurudi.

MshonajiTanga: Nashukuru. Nitarudi lini kwenye cherehani?

BabaWawili: Mimi nilishonwa ukingo. Nilikaa na plasta wiki 6, tena iliyopita kiwiko ili nisigeuze kiganja, na ilikuwa karibu miezi 4 ndipo nikaweza kukamua tambara la kudekia. Ngozi ya mgongo wa kidole cha mwisho ilikufa ganzi kwa muda, kwani neva hupita jirani na tundu la kamera. Ulizia jambo hilo mapema.

MifupaNaViungo: Aliyepunguzwa nyuzi tu hurudi kazini mapema zaidi. Lakini dada, je, umewahi kuvaa banzi kwa wiki kadhaa mfululizo na kufanya fiziotherapia? Kama bado, na kifundo hakijalegea, mwulize daktari wako kwa nini msianzie hapo.