Mjadala: Mwalimu Nyerere aling'atuka kweli, au alihamisha ofisi tu?

Kipimajoto
Wakuu, kila rais mstaafu akisema neno, watu wanamrukia: "Muige Mwalimu, aliondoka akaenda zake Butiama kulima." Huyo Mwalimu aliyenyamaza ni yupi? Novemba 1985 alimwachia Mzee Mwinyi Ikulu, lakini uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi 1992, na enzi zile chama ndicho kilichoshika hatamu. Baada ya hapo akazima hoja ya kuwa na Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, akaingia kwenye uteuzi wa mgombea urais wa CCM wa 1995, akaenda kusuluhisha Burundi. Swali langu: tuwe na sheria ya kumnyamazisha mstaafu, au tukubali kwamba yule tunayemtolea mfano hakunyamaza?

Mjomba wa Musoma
Uenyekiti aliuacha Agosti 1990, siyo 1992. 1992 ni mwaka wa vyama vingi, sheria ikaanza Julai. Ukianza na tarehe ya uongo, sina haja ya kusoma yaliyobaki.

Kipimajoto
Sawa, 1990. Bado ni miaka mitano ya rais mmoja Ikulu na mwingine juu yake chamani. Hilo mbona umelikwepa?

Mjomba wa Musoma
Sijalikwepa, nimelidharau. Kama Mwalimu alikuwa akiendesha nchi kutoka chamani, nieleze Agosti 1986. Serikali ya Mwinyi ilikubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, shirika lilelile ambalo Mwalimu alibishana nalo miaka yote ya mwanzo ya themanini. Na hapo yeye ndiye mwenyekiti wa chama kinachoshika hatamu! Mtu mwenye rimoti hawezi kukubali chaneli asiyoitaka.

Dada Pwani
Na hata kulegeza biashara hakukuanza na Mwinyi, ingawa ndiye aliyepewa jina la Mzee Ruksa. Ruhusa ya kuingiza bidhaa kwa fedha zako mwenyewe za kigeni, bila kuulizwa umezipata wapi, ilikuja na bajeti ya 1984. Rais wakati ule nani? Watu mnasema Mwinyi alifungua mlango. Alikuta umeshaachwa wazi kidogo, yeye akausukuma.

Msakatonge
Dada hapo umegonga. Ila jamani, tusizunguke. Mwalimu hakuhitaji cheo. 1995 pale Chimwaga, Dodoma, kwenye Mkutano Mkuu wa CCM wa kumpata mgombea urais, Kikwete alishinda, mzee akasimama, kura zikarudiwa, akatoka Mkapa. Kila mtu anajua.

Karani Mstaafu
"Kila mtu anajua" ndiyo ugonjwa wenyewe. Chukua karatasi. Raundi ya kwanza: Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Jumla 1,329. Kanuni ilikuwa lazima mtu avuke nusu ya kura. Nusu ya 1,329 ni 664 na nusu, kwa hiyo Kikwete alihitaji 665. Alipungukiwa 131. Kuongoza siyo kushinda. Wa tatu akatolewa, wawili wakarudi ulingoni: Mkapa 686, Kikwete 639. Hakuna kura "iliyorudiwa". Ni raundi ya pili iliyokuwa kwenye kanuni kabla hawajaingia ukumbini.

Msakatonge
Karani unanipa hesabu kana kwamba nimefeli la saba. Hesabu ninaijua. Ninachouliza ni hizo kura za Msuya ziliambiwa na nani ziende kwa Mkapa?

Karani Mstaafu
Tufuate hesabu hiyohiyo. Mkapa aliongeza 227. Kikwete aliongeza 105. Kama wote waliowapigia hao wawili mwanzo walibaki palepale, basi katika kila wajumbe watatu wa Msuya, wawili walikwenda kwa Mkapa na mmoja kwa Kikwete. Ungekuwa mkono wa mtu mmoja tu, hao 105 wasingekwenda upande wa pili mbele ya macho ya Mwalimu.

Msakatonge
Mbele ya macho? Kura ya siri hiyo, mzee wangu. Mbele ya macho ya nani?

Karani Mstaafu
Ndiyo ushindi wangu huo. Kama ni siri, naye alizilazimishaje?

Bi Mkubwa Tabora
Nyote wawili mnapima mahali pasipo na kidonda. Ushawishi wa Mwalimu haukuwa kwenye sanduku la Chimwaga. Fuateni jina linavyosafiri: mwanachama anachukua fomu, anatafuta wadhamini mikoani, jina linakwenda Kamati Kuu, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa, na hapo orodha ndefu inakatwa kabla Mkutano Mkuu haujaona kitu. Huko juu ndiko jina la Malecela, aliyekuwa waziri mkuu, lilikokwama. Mwalimu alikuwa ameshamshambulia waziwazi, yeye na Kolimba, katibu mkuu wa CCM, kwa jinsi walivyoiachia hoja ya Serikali ya Tanganyika. Desemba 1994 Malecela akatolewa uwaziri mkuu na nafasi ikaenda kwa Msuya. Ukimkata mtu kwenye chujio huna haja ya kuhesabu kura.

Kipimajoto
Bi Mkubwa amerudisha swali langu, asante. 1993 Mwalimu hana cheo chochote, siyo serikalini, siyo chamani. Bunge linapitisha hoja ya wale wabunge 55 waliotaka Serikali ya Tanganyika, mwezi Agosti. Mwaka uliofuata hoja imezimwa. Hiyo ni nguvu ya aina gani kisheria?

Mjomba wa Musoma
Ni nguvu ya hoja. Soma alichosema: Serikali ya Tanganyika ikizaliwa, Muungano unabaki na rais asiye na nchi. Wajumbe walishawishika. Kushawishi siyo kosa la jinai.

Msakatonge
Wabunge wamepitisha, chama kikawageuza, nyie mnaita kushawishika. Sawa.

Mkereketwa 77
Acheni kumchafua mzee. Angekuwa na uchu wa madaraka asingeondoka 1985 akiwa na miaka 63 na nguvu zake. Aliona mambo makubwa kuliko hizo kura zenu: 1987 akaongoza Tume ya Kusini, ya nchi zinazoendelea, yenye ofisi Geneva, katibu mkuu wake Manmohan Singh, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa India. Ripoti ikatoka 1990. Kisha akaenda kuleta amani Burundi, akafia kwenye kazi hiyo. Mstaafu gani mwingine amefanya hivyo?

Mtu wa Rumonge
Amani ipi, ndugu? Mwandike historia yenu, yetu mtuachie. Kazi hiyo ilianza na mazungumzo ya Mwanza 1996 kati ya FRODEBU na UPRONA, vyama vyetu viwili vikubwa, yakavunjika. Julai 25 Meja Buyoya akapindua serikali. Julai 31 wakuu wa nchi jirani wakakutana Arusha wakatuwekea vikwazo. Mizigo yetu ilikuwa ikipita Dar, reli hadi Kigoma, kisha meli ziwani hadi Bujumbura. Funga hapo na nchi nzima imefungwa: petroli haiingii, kahawa haitoki, na kahawa ndiyo iliyokuwa fedha yetu ya kigeni. Nani aliumia, Buyoya?

Mkereketwa 77
Vikwazo viliwekwa na marais, siyo na Mwalimu. Yeye alikuwa msuluhishi. Na vilikuwa na masharti matatu ya wazi: bunge lirudi, vyama vifunguliwe, mazungumzo yaanze bila masharti. Buyoya angetimiza yote Agosti, vingeondoka Agosti.

Mtu wa Rumonge
Msuluhishi anayeunga mkono fimbo dhidi ya upande mmoja wa meza, huyo bado ni msuluhishi? Ndiyo maana serikali ya Bujumbura ilimkataa muda mrefu ikisema anaegemea. Na angalia vikwazo vilivyofanya kazi: aliyekuwa na gari na ndugu jeshini alipitisha magendo akatajirika, mkulima akauza kahawa kwa bei ya kutupa. Aprili 1997 wakalegeza wenyewe, wakaruhusu chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo. Januari 1999 wakavisimamisha.

Dada Pwani
Nadhani hapa Mtu wa Rumonge ana nusu ya haki. Buyoya aliwafungulia wabunge na vyama mapema, Septemba 1996. Sharti gumu lilikuwa la tatu, mazungumzo na wote. Hilo lilichukua hadi Juni 1998, vyama 17 vilipoketi Arusha. Mwalimu akagawa kazi kwenye kamati tano: chanzo cha mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi wa uchumi, na dhamana ya utekelezaji. Mandela alipopokea usuluhishi baada ya msiba wa Mwalimu, alikuta muundo huo tayari.

Nairobi Mashariki
Ndugu zetu wa Bongo, mnazunguka. Kenya tulilimaliza hili la wastaafu na sheria ya mafao ya rais mstaafu ya 2003, Moi alipokuwa ametoka tu. Pensheni ni asilimia 80 ya mshahara, anapewa ofisi, magari, walinzi na matibabu, na hawezi kushika cheo cha chama baada ya miezi sita. Akitaka siasa, ajilipie mafuta.

Msakatonge
Na Uhuru Kenyatta alinyamaza?

Nairobi Mashariki
Hehe. Hapo umenishika pabaya, lakini sheria ipo.

Karani Mstaafu
Sheria yetu ya mafao ya viongozi wastaafu pia ipo, Namba 3 ya 1999, na ni asilimia 80 hivyohivyo, ya mshahara wa rais aliyeko. Mkikazana kuandika "asinyanyue mdomo" mtakwama mahali pamoja: cheo cha chama kinapimika, tarehe ya kukiacha inajulikana. Maneno hayapimiki. Nani atapanga kwamba hotuba ya mazishi ni salamu za rambirambi au ni kampeni? Msajili wa Vyama?

Kipimajoto
Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri. Tuendelee hapo.

Mtu wa Rumonge
Mimi sijajibiwa. Mkereketwa amesema amani. Mkataba wa Arusha ulisainiwa Agosti 28, 2000, lakini vita viliendelea. CNDD-FDD, kundi la waasi, waliingia makubaliano 2003. Mnajua kwa nini walichelewa? 1998 CNDD iligawanyika, wapiganaji wengi wakaondoka na kamanda Ndayikengurukiye, kiti cha Arusha kikabaki kwa Nyangoma, kiongozi wa awali. Timu ya Mwalimu ikashikilia huyo wa kiti. Mnasaini amani na mtu ambaye bunduki zimeshamhama.

Mkereketwa 77
Angepokea kila kundi linalogawanyika, vyama 17 vingekuwa 30 na hakuna ambaye angekubali kukaa. Kila kamanda aliyekasirika angefungua chama chake Ijumaa na kudai kiti Jumatatu.

Mtu wa Rumonge
Mandela aliwaita walewale mliowaacha nje. Mbona meza haikuvunjika?

Msakatonge
Karani, kabla sijalala. Raundi ya kwanza kura 1,329, ya pili 1,325. Wanne walikwenda wapi?

Karani Mstaafu
Chooni, Msakatonge. Au kura ziliharibika. Tofauti ya Mkapa na Kikwete ni 47. Hao wanne wapeleke wote kwa Kikwete, anafika 643, bado hajamkaribia mtu.