Je, besi ya nyuzi tano ina faida yoyote kwa bendi zetu za Mombasa?

Mpiga Besi wa Bamburi
Waungwana, nimepiga gitaa la besi la nyuzi nne kwenye bendi ya hoteli kwa miaka 17 na sasa nimefika mahali pa kuamua. Mwimbaji wetu mpya ana sauti nene, na mpiga kinanda, ili kumfaa, ameziteremsha nyimbo nyingi, hivi kwamba zile tulizozoea kuzipiga kwenye E au F sasa tunazipiga kwenye D au E-flati. Uzi wangu mnene kuliko zote unaishia E, na D iko chini ya hapo. Kila noti ya msingi inapotaka kushuka, mimi nalazimika kupanda, na wimbo unabaki unaelea. Kiongozi wa bendi anataka mfuko wetu ununue besi ya nyuzi tano, yenye uzi wa B ulio mnene zaidi chini ya ule wa E, wakati wenzangu wawili wanasema huo ni urembo mtupu. Naomba maoni ya wenye uzoefu kabla fedha haijatoka.

Nyuzi Nne Zatosha
Ndugu yangu, zihifadhi fedha za wenzako. Yule mtengenezaji magitaa wa Marekani, Leo Fender, alipotoa gitaa lake la kwanza la besi mwaka 1951 aliliwekea nyuzi nne, na James Jamerson, ambaye alizibeba nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, zilimtosha. Mimi nimelisema hili mara nyingi na sitachoka kulisema: anayeongeza uzi huwa anaficha upungufu wa vidole. Vijana wa makanisani hubeba magitaa yenye shingo pana kama kibao cha mbuzi, kisha wimbo mzima wakapiga noti tatu. Tena tusisahau kwamba tuko pwani. Kwenye taarab mpiga besi anaweza kuinuka katikati ya wimbo akaenda kunywa kahawa tungu na asipatikane wa kugeuka kumtafuta. Huyo nyuzi tano atazifanyia nini?

Kinanda cha Changamwe
Mzee wangu, kwa kuwa ni mimi ninayekaa kwenye kinanda pembeni ya vijana hao unaowacheka, niruhusu nikueleze noti hizo tatu zinapigwaje. Kiongozi wa sifa huanza kuimba pale roho inapomtuma, bila kumwambia mtu ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, na mara nyingi hutua kwenye A-flati au D-flati, kisha baada ya beti mbili anapanda nusu hatua, na baadaye anapanda tena. Kijana mwenye nyuzi tano huuhamisha mkono wake ukiwa na umbo lile lile na anaendelea kuwa na noti nene chini yake. Mwenye nyuzi nne huishiwa shingo na kulazimika kuruka. Fender wenyewe walilitambua jambo hili, ndiyo maana walitoa besi ya nyuzi tano mwaka 1975 hivi. Sasa upungufu wa vidole uko wapi?

Mwana wa Kibokoni
Nimelisoma lile neno la kahawa mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Kwenye taarab yetu udi, fidla na sauti ya mwimbaji hufuata njia moja ya wimbo, kila mmoja akiipamba kwa namna yake, wala hakuna mrundiko wa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kama kwenye rumba. Kwa hiyo chini kabisa hubaki wapiga ngoma na mpiga besi peke yao. Akiinuka huyo kwenda kunywa kahawa, mwimbaji atahisi ameondolewa sakafu. Na kama ni uzi wa tano, habari yake ni ya zamani kuliko Fender. Masimulizi ya muziki wa Kiarabu humtaja Ziryab, aliyeishi Cordoba katika karne ya 9, kuwa ndiye aliyeongeza uzi wa tano kwenye udi. Udi wa leo aghalabu una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene ulio peke yake. Je, mpiga udi wetu marehemu Zein l'Abdin naye alikuwa akificha upungufu wa vidole?

Fundi wa Spika
Kwanza nimrekebishe ndugu wa Changamwe. Besi ya nyuzi tano ya Fender ilitoka mwaka 1965, na uzi walioongeza ulikuwa mwembamba, wa C, wala haukuwa wa B ulio mnene. Kwa hiyo haikushuka chini ya E hata kidogo, na shingo yake ilikuwa na freti 15 tu, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo. Nadhani mwaka 1975 umeukumbuka kwa sababu ndipo Carl Thompson alipomtengenezea mpiga besi Anthony Jackson besi ya nyuzi sita, yenye B kwa chini na C kwa juu.

Pili, mnagombania kitu ambacho wageni wa hoteli hawakisikii. Uzi wa E ukiachwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na wa B mara 31 hivi. Spika za inchi 12 ambazo nimezifungua kwenye kumbi za ufukweni, nyingine zikiwa zimejaa mchanga, hazifiki huko. Kinachotoka ni mwangwi wake wa juu, ule wa mara 62, na sikio la msikilizaji hulijazia lenyewe lile pengo na kuamini kwamba limesikia noti nene. Nunueni spika kwanza.

Nyuzi Nne Zatosha
Mwana wa Kibokoni, sikuitukana taarab, na sipendi mtu kunigeuzia maneno. Dabobesi ya kawaida, ile fidla kubwa inayopigwa ikiwa imesimamishwa, ina nyuzi nne, na ndiyo inayoshikilia vikundi vikubwa vya Unguja kama Culture Musical Club. Wao hawajaomba uzi wa tano.

Mwana wa Kibokoni
Naona sasa tumevushwa bahari. Kichwa cha mjadala kinasema Mombasa. Ya Unguja waachie wenyewe Waunguja, wana vikundi vyao vilivyojaa fidla na dabobesi. Sisi tumekua na mwimbaji Juma Bhalo na mahadhi yake ya Kihindi, na tashkota, kile chombo cha nyuzi chenye vibonyezo, ya kikundi cha Zuhura Swaleh, na mdundo wa chakacha ukiwa ndani yake. Mimi hapa ninapigia harusi za Mji wa Kale nikiwa na besi ya umeme mapajani, nimeketi kwenye kiti cha plastiki, na kina mama wanajua mara moja nikikosea. Tena bado hujaiomba radhi ile kahawa.

Fundi wa Spika
Je, kuna aliyesoma habari ya spika?

Dada wa Likoni
Nimeisoma, Fundi, na nitaijibu, ila kwanza niseme kwamba katika ninyi nyote sijaona aliyeeleza gitaa lenyewe lilivyo mkononi. Mimi ninalo kwa miaka sita. Uzi wa B una unene wa milimita 3.3 hivi, na wa E milimita 2.7, ukiutazama tu unaona kwamba umeshika kitu kingine. Usiku wangu wa kwanza nao ulikuwa harusini. Vidole vilikuwa vimezoea kwamba uzi wa mwisho kwa upande wa juu ni E, na bibi harusi alipoanza kuingia nikauanza wimbo kwa kujiamini kabisa, kumbe nimetua kwenye B, na nikawa katika ufunguo ambao katika ukumbi mzima ulikuwa wangu peke yangu. Mpiga ngoma alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Halafu uzi huo huitika bila kuguswa. Ukipiga B kwenye uzi wa A, ule mnene huanza kuvuma wenyewe, na sauti yote inakuwa tope, hivyo kidole gumba cha kulia hakina budi kuulalia wakati wote usiohitajika. Ilinichukua miezi kadhaa kukifundisha. Gitaa la kwanza nililouziwa, na duka sitalitaja, lilikuwa na B iliyolegea kama kamba ya kuanikia nguo. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba watengenezaji wengine huirefusha shingo kutoka inchi 34 hadi 35 ili uzi huo ukaze. Ongezeni uzito wake begani ukiwa umesimama kwenye feri jioni, na hewa ya chumvi ambayo hula nyuzi tano kwa bei ya nyuzi tano.

Pamoja na hayo yote sirudi nyuma, na sababu yangu si kushuka chini. Noti ya E ninaipata kwenye freti ya tano ya uzi wa B, kwa hiyo mkono wangu, ambao si mkubwa, hukaa katikati ya shingo ambako freti zimekaribiana, badala ya kutanuka kule kichwani. Faida hiyo, Fundi, haitegemei spika.

Nyuzi Nne Zatosha
Dada yangu, umenisaidia sana. Umetueleza kwa kinywa chako kwamba uzi wa tano ulikuaibisha mbele ya bibi harusi. Mpiga besi Victor Wooten, ambaye sidhani kuna wa kumshinda hapa, kazi yake kubwa ameifanya kwa nyuzi nne.

Dada wa Likoni
Kaka, niliaibika usiku mmoja katika miaka sita, na nimekisimulia kisa hicho mwenyewe kwa sababu sina cha kuficha, si vidole wala upungufu. Ukimtaja Wooten nitakutajia Richard Bona wa Kamerun na nyuzi zake tano, na tutakesha. Lakini umemwambia huyu ndugu wa Bamburi ahifadhi fedha, na hadi sasa hujamwambia ile D ataipata wapi.

Nyuzi Nne Zatosha
Aulegeze uzi wa E hadi ufike D. Jambo la nusu dakika.

Mpiga Besi wa Bamburi
Nawashukuru nyote, ingawa kuna mahali nilidhani nimeingia mlango usio wangu. Nililijaribu jana hilo la kulegeza. D imepatikana, na E-flati iko kwenye freti ya kwanza, ila kwa nyimbo za zamani mkono unapotea kwa sababu kila kitu kwenye uzi huo kimesogea freti mbili. Baya zaidi, mwimbaji amekuja leo na wimbo ulio kwenye C, na kuulegeza uzi hadi huko ni kuugonganisha na freti. Sasa nafikiria kuchukua seti ya nyuzi tano, nivalishe B, E, A na D kwenye gitaa langu hili hili na kuiacha G. Kinachonizuia ni kwamba madoido yangu yote ya chakacha yako kwenye G, na kwamba uzi wa B hauingii kwenye mfereji wa ule mfupa wa kichwani, unaoshikilia nyuzi mwisho wa shingo. Unakaa juu yake.

Fundi wa Spika
Mfupa wa zamani usiuguse na tupa. Tafuta mwingine uchongwe kwa nyuzi nene, na ule wa sasa uuweke, ili usipopendezwa urudi ulikotoka bila hasara. Na G utaikumbuka wiki ya kwanza tu.

Mwana wa Kibokoni
Mwenye madoido ya chakacha haachi G. Anunue tano. Na kabla hajachonga chochote, bado tunamsubiri mwenye kahawa.

Nyuzi Nne Zatosha
Kahawa ninaiondoa. La vidole linabaki pale pale.

Mpiga Besi wa Bamburi
Dada wa Likoni, je, naweza kuja kulishika hilo la inchi 35 kwa nusu saa kabla hatujaamua? Jumamosi asubuhi sina kazi.

Dada wa Likoni
Njoo kabla ya saa tano, na uje na waya wako. Wangu una kutu.