Mrejesho: programu ya uhasibu na seva ya kukodi

Wakuu, asanteni kwa michango. Niliuliza kama biashara yetu ichukue programu ya uhasibu ya kulipia kila mwezi, mfano QuickBooks Online au Xero, au tusimike ERPNext, programu ya kuendesha biashara nzima, kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mtandaoni tunayoikodi. Tumechukua ERPNext. Ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), leseni yake haidai malipo kwa kila mtumiaji, na stoo, mauzo na leja vinasomana.

Kilichoamua hasa ni ushauri wa mmoja wenu: jaribu kutoa data kabla hujaiingiza yote. Programu ya kampuni moja niliyoijaribu ilitoa ankara na orodha ya wateja vizuri, lakini leja kuu, yaani kitabu cha akaunti zote, ilitoka kwa PDF peke yake, faili la kusoma tu ambalo programu nyingine haiingizi kwa urahisi. Utaihamishiaje kwingine? Nikaachana nao.

Mtoa seva nilimpima kwa nakala rudufu (nakala ya akiba ya data). Tulirejesha hifadhidata nzima kwenye mashine mpya, mhasibu akatoa urari (orodha ya salio la kila akaunti) na kuulinganisha na wa awali, akaunti kwa akaunti. Ukalingana. Nakala nyingine iko kwa mtoa huduma tofauti kabisa. Hili jamani msilipuuze.

Benki bado hatujaiunganisha. Tunapakia taarifa yake kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), kisha mhasibu anafanya usuluhishi wa benki, yaani kuilinganisha na leja yetu.