Naomba ushauri: mwanafunzi mwenye usonji anayechora milango pekee

Mwalimu wa Mkomani

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa kitengo maalum katika shule moja ya msingi mjini Lamu. Nina wanafunzi saba, na watano kati yao wana usonji (autism). Somo linalonitatiza ni sanaa. Wawili hawastahimili rangi ya maji ikiwagusa vidole. Hukimbilia bombani na kunawa mpaka kipindi kinakwisha.

Lakini anayeninyima usingizi ni kijana wa miaka 11, ambaye maneno yake ni machache sana. Yeye huchora milango ya kuchongwa ya mitaa yetu na si kitu kingine: huanza na mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, akaja kwenye kizingiti, kisha nakshi za maua, kwa mpangilio usiobadilika. Muhula huu nilimwondolea karatasi yake ili achore samaki kama wenzake. Alilia, akajipiga kichwani, na tangu siku hiyo hashiki penseli nikiwa karibu naye. Ninajuta sana. Je, nimwache arudie mlango siku zote, au ipo njia ya kumsogeza mbele bila kumuumiza?

Fundi Nakshi

Mwalimu, mimi si mtaalamu wa usonji, ila ninachonga mbao. Katika karakana yetu mwanagenzi hurudia ua lile lile wiki baada ya wiki, wala hakuna anayemwambia kwamba amekwama. Ningependa kujua iwapo milango ya kijana huyu inafanana kweli. Iweke michoro yake ya mwezi mzima sakafuni, uitazame kwa utulivu; huenda ukaona nakshi zimebadilika hali wewe ulikuwa ukitazama umbo la mlango tu.

Mwalimu Malindi

Pole sana, mwalimu mwenzangu. Nami niliwahi kufanya kosa kama hilo. Mpangilio usiobadilika humpa mtoto mwenye usonji utulivu, kwa kuwa anajua kitakachofuata. Ukiuvunja ghafla, kwake ni kama sakafu imeondolewa chini ya miguu. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na umwonyeshe kabla hakijatokea. Mimi hutumia picha mbili ubaoni: ya kwanza ni kazi anayoipenda, ya pili ni ile ngeni iliyo fupi. Mlango ubaki mlango, lakini leo uwe kwenye karatasi ya kahawia, wiki ijayo uchorwe kwa mkaa, baadaye ufinyangwe kwa udongo. Samaki anaweza kuja siku moja akiwa nakshi juu ya kizingiti, na asipokuja, hakuna kilichoharibika.

TEACCH, mbinu ya kuwafundisha wenye usonji iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, huanzia pale mwanafunzi anapoweza, na wengi wa watoto hawa hufahamu zaidi kwa macho kuliko kwa maelezo marefu ya mdomo. Mkumbuke pia Stephen Wiltshire wa London, mchoraji mwenye usonji ambaye tangu utotoni alichora majengo, na mwaka 2005 aliichora Tokyo kwa kumbukumbu baada ya kuitazama kutoka kwenye helikopta.

Kuhusu wale wawili, tia rangi ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, uufunge barabara, waisukume kwa vidole kutoka nje ya mfuko. Baadaye wape sifongo iliyofungwa kwenye kijiti, na kitambaa chenye maji kiwe mezani ili wasilazimike kukimbia.

Mama Yusra

Nawashukuru walimu, lakini naomba tahadhari kwa mfano wa Wiltshire. Mwanangu ana usonji na hana kipaji cha aina hiyo, watu wakiniuliza "yeye anajua nini?" moyo wangu huuma, kwa sababu wengi wa watoto hawa hawana kipaji cha ajabu, na bado wana haki ya kupaka rangi kwa furaha yao tu.

Mwalimu, usimshike mkono kumwongoza. Wangu alishikwa hivyo na mwalimu wake wa kwanza, na mpaka leo huficha mikono akiona brashi. Tazama pia kilichomzunguka: sauti ya punda dirishani au harufu ya gundi inaweza kumchosha kabla hajaanza.

Mwalimu wa Mkomani

Allah awajazi kheri. Fundi, nimeitandaza michoro yake 23 sakafuni, na kweli, maua yake yamekuwa yakiongezeka petali, jambo ambalo sikulitambua kabisa. Jumatatu nitamwekea mezani karatasi iliyochorwa mfaa tu, pamoja na penseli yake, kisha nitakaa upande wa pili wa darasa bila kusema neno. Mama Yusra, nikuulize jambo moja: mwanao alipoanza tena kukuamini baada ya kuumizwa, alikuonyesha kwa ishara gani?

Mama Yusra

Alinisukumia karatasi, mwalimu. Hakunitazama, na nilingoja siku nyingi.