Gumzo la familia: Maombi yakiwa mazito

Dada Mdogo: Bwana asifiwe. Shikamooni wakubwa. Zamu yangu ya kuongoza maombi wiki hii naomba apewe mtu mwingine.

Mama Mkubwa: Amina. Marahaba mwanangu. Kuna nini? Mtoto anaumwa?

Dada Mdogo: Mtoto mzima kabisa, Mama. Ni mimi. Tangu nijifungue, nikipiga magoti usingizi unanichukua. Usiponichukua, nawaza kodi, nawaza kazi ambayo shemeji yenu anaitafuta mpaka leo. Nikisali Baba Yetu, nikifika "utupe leo riziki yetu" nakwama hapo hapo. Kanisani naimba na wenzangu ila moyoni pakavu. Sasa nisimame mbele yenu niseme nini?

Kaka: Pole sana dada.

Mjomba: Pole mpwa wangu. Ila hali hiyo tusiichekee, adui huingilia hapo hapo. Soma Yakobo 1:6, mtu aombe kwa imani pasipo shaka. Funga siku tatu, kesha, uone kama uzito hautaondoka.

Kaka: Mjomba, ananyonyesha huyu. Kukesha anakesha kila siku.

Mjomba: Basi afunge nusu siku. Nasema kwa sababu nampenda.

Mama Mkubwa: Unampenda, mdogo wangu, hilo hakuna anayebisha. Lakini msome Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka mlima Karmeli, moto wa Bwana umeshuka watu wote wakiona. Malkia Yezebeli kamtumia vitisho, kakimbia jangwani, kaketi chini ya mti wa mretemu anaomba afe. "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Nabii mzima!

Mama Mkubwa: Na malaika alipofika hakumwuliza imani imekwenda wapi. Alimgusa akamwambia inuka, ule. Mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akaambiwa ale kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Lile swali "Unafanya nini hapa, Eliya?" aliulizwa mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Alilishwa na kulazwa kwanza, mahojiano baadaye. Huyu mtoto wetu hajalala usiku kucha tangu ajifungue, halafu tunamwambia aache kula?

Kaka: Na yule baba wa Marko 9, aliyempeleka mwanawe kwa Yesu? "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mbona mtoto wake aliponywa vilevile?

Mjomba: Aliponywa, kweli. Ila tazama, ile shaka aliipeleka kwa Yesu mwenyewe, hakubaki nayo nyumbani. Hofu yangu iko hapo. Nimeona watu wanaanza na "nimechoka kuomba", mwisho wake hata Biblia hawafungui tena.

Mama Mkubwa: Hapo umesema kweli, na sitakupinga.

Dada Mdogo: Mjomba, kwenda kwake nataka. Tatizo nikifungua kinywa yanatoka malalamiko matupu. Juzi usiku mtoto analia, nimembeba natembea naye chumbani, nikajikuta nasema, "Mungu, umetusahau." Nikaogopa, nikanyamaza.

Mama Mkubwa: Ungeendelea, mwanangu! Hayo yalikuwa maombi. Fungua Zaburi 13. "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hayo ni ya Daudi, na "hata lini" kaitaja mara nne katika aya mbili tu. Angekuwa amemwacha Mungu asingehangaika kumwuliza.

Kaka: Lakini Daudi kamaliza kwa kuimba. Dada akifika mwisho na wimbo haujaja?

Mama Mkubwa: Basi asome ya 88. Ile inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna wimbo wowote mwishoni. Na imo katika Biblia, haikutolewa. Mimi nilipofiwa na mume wangu ndiyo niliyoshika, maana zaburi za furaha zilikuwa zinaniumiza. Watu walinijia na "Mungu ana makusudi" kabla hata ya maziko. Tusimfanyie hivyo mtoto.

Dada Mdogo: 😭 Asante Mama. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Mjomba: Mpwa wangu, nimewasoma wote. Kufunga achana nako kwa sasa. Kuna Marko 2, yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu 4, wakatoboa dari wakamshusha. Imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao". Yao, wale waliombeba pia. Zamu yako nachukua mimi, wiki hii na inayofuata. Wewe ingia usikilize tu, hata ukisinzia.

Kaka: Amina Mjomba 🙏 Na shemeji anitumie wasifu wake wa kazi leo, kuna mahali wanaajiri.

Dada Mdogo: Namwambia sasa hivi.

Mjomba: Ila jambo moja nakuomba. Kila siku mwambie Mungu neno moja, hata liwe la kulalamika. Usinyamaze kabisa.

Dada Mdogo: Sawa Mjomba. Hilo naliweza.

Mama Mkubwa: Na mimi Jumamosi nakuja. Mtoto nitakaa naye mimi, na chakula nakuja nacho. Wewe utalala. Nije saa ngapi?

Dada Mdogo: Njoo mapema Mama. Saa mbili asubuhi ukiweza.

Mama Mkubwa: Saa moja na nusu nitakuwa mlangoni.